Picha ya Kinamasi Katika Kaburi la Nebamun

Watu wengi hupima picha kwa neno moja: nzuri, au mbaya. Hukumu ya namna hiyo ni nyepesi kama povu, maana haimpi msikilizaji habari yoyote ila kwamba msemaji amependezwa au hakupendezwa. Mpimaji wa kweli ana kazi tatu. Kwanza huitazama picha mpaka aijue. Pili huilinganisha na kitu kilichochorwa. Tatu huuliza ni nini kilichoachwa nje. Katika insha hii, msomaji, nakutaka tufuatane katika kazi hizo tatu. Picha tutakayoipima ni ya mimea ya kinamasi cha maji yasiyo na chumvi, pamoja na ndege na samaki waishio humo. Ni picha ya kale sana, nayo yatoka Misri; lakini mimea iliyomo si migeni kwako. Kama umepata kusimama ukingoni mwa Ziwa Victoria, Yala au karibu na Kisumu, au kando ya Ziwa Naivasha, umekwisha kuiona kwa macho yako.

Nebamun alikuwa mwandishi aliyehesabu nafaka za hekalu la mungu Amuni huko Karnak. Kaburi lake lilichorwa yapata mwaka 1350 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mwaka 1820 lilifikiwa na watu wa Giovanni d'Athanasi, Mgiriki aliyekuwa akimtafutia vitu vya kale Henry Salt, balozi wa Uingereza katika Misri. Vipande vizuri vya lipu vilibanduliwa ukutani, na kuanzia mwaka 1821 vikawa mali ya Makumbusho ya Uingereza, London. Mahali lilipokuwa kaburi lenyewe hapajulikani tena. Jina la mchoraji halijulikani pia. Jina la mwenye nafaka limedumu. La mwenye brashi limepotea. Liweke neno hilo moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Sasa tuitazame picha. Nebamun amesimama juu ya chombo chembamba kilichofungwa kwa mafunjo. Mkono mmoja umeinua fimbo ya kurusha, ambayo imefanywa kama nyoka. Mkono mwingine umewashika korongo watatu ili wawadanganye ndege wengine. Nyuma yake amesimama mkewe, amevaa kama aendaye karamuni. Binti yao ameketi chini kati ya miguu ya baba, amemshika mguu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili anachuma yungiyungi majini. Mbele yao ni kichaka cha mafunjo. Ndege wametimka kutoka kichakani, na paka wa rangi ya hudhurungi amewanasa watatu kwa mara moja: mmoja kwa meno, mmoja kwa makucha ya mbele, na mmoja kwa makucha ya nyuma. Jicho la paka huyo lilipakwa dhahabu. Vipepeo wanaruka huku na huku. Chini ya chombo maji yamechorwa kwa mistari ya vipindapinda, na samaki waonekana ndani yake kana kwamba maji ni kioo.

Ukiisha kuiona picha nzima, irudie polepole, sehemu kwa sehemu. Mmoja wa samaki ni bunju, yule ajazaye tumbo kama mpira. Mwingine ni wa jamaa ya ngege, ambao hata leo ni kitoweo cha watu wa Ziwa Victoria. Kipepeo mmoja ni wa rangi ya chungwa, na ncha za mabawa yake ni nyeusi zenye madoa meupe. Kipepeo huyo ni wa aina iliyoenea sana katika Afrika, nawe waweza kumwona katika uwanja wa shule yako. Mchoraji alikufa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, lakini kwa rangi kidogo na brashi iliyofanywa kwa nyuzi za mimea ametuachia mdudu ambaye mwanafunzi wa leo aweza kumtambua bila ya kuambiwa. Hii ndiyo sifa ya kwanza ya kazi yake, nayo si ndogo. Hakuchora ‘kipepeo’ tu; alichora kipepeo yule.

Je, mafunjo nayo ameyachora vivyo hivyo? Hapa, msomaji, yatupasa kuifanya kazi ya pili, yaani kulinganisha. Ondoka katika picha uende penye kinamasi. Mfunjo hauna majani shinani. Shina ni refu, laini na la kijani, nalo huweza kufika mita 4 au 5. Kichwani huchanua shada la nyuzi nyembamba zilizotawanyika pande zote na kuinama kwa uzito wake zenyewe. Ukilikata shina utaona kwamba si la mviringo, bali lina pembe tatu. Kama mafunjo yako mbali nawe, nenda shambani ung'oe ndago, lile gugu linalomsumbua mkulima, kisha ulizungushe shina lake kati ya vidole. Utazihisi pembe tatu hizo hizo, kwa kuwa ndago na mafunjo ni ndugu wa jamaa moja. Chini, mashina manene ya mafunjo hutambaa na kusukana mpaka yakawa kama jamvi, na mara nyingi jamvi hilo huelea juu ya maji. Mtu akilikanyaga hutikisika. Akikosa pa kukanyaga huzama. Mashina yaliyokufa hulala juu ya mengine, huoza, na kufanya tope jeusi lenye harufu. Ndani yake hukaa giza la kijani, na aliye ndani hawezi kuona hatua kumi mbele.

Ukirudi kwenye picha baada ya safari hiyo, utaona makosa mara moja. Mashina ya mchoraji yamenyoka kama askari katika gwaride. Mashada yake yamefunguka kama pepeo, yote kwa namna moja, wala hakuna hata moja lililovunjika au kukauka. Tope halipo. Jamvi la mashina lisukalo kinamasi halipo. Tena vimo havikupatana: mafunjo humpita mtu mzima maradufu na zaidi, na mwindaji wa kweli angalimezwa nayo, lakini Nebamun amesimama wazi, mkubwa kuliko vyote vilivyo mbele yake. Chombo chake ni chembamba mno kubeba watu watatu, na mtu arushaye fimbo kwa nguvu juu ya chombo kama hicho angaliangukia majini pamoja na mkewe na nguo zake za karamu.

Mtetezi wa picha atasema kwamba twamhukumu mchoraji kwa sheria isiyo yake. Yafaa tumsikilize, kwa kuwa hukumu isiyosikiliza utetezi ni dhuluma. Atasema hivi: wachoraji wa Misri hawakutaka kuchora lile ambalo jicho huona kwa dakika moja mahali pamoja, bali lile ambalo akili hujua. Ushahidi wake upo katika kipande kingine cha kaburi hilo hilo, kinachoonyesha bustani yenye bwawa. Bwawa limechorwa kama lionwavyo na ndege aliye juu. Samaki, bata na mayungiyungi yaliyomo yamechorwa kwa ubavu. Na mikuyu na mitende inayolizunguka imepangwa pande zote, mingine imelala, ili kila mti uonekane mzima. Hakuna jicho liwezalo kuona hivyo. Lakini mtu akikuuliza bwawa lile lina nini, picha yaweza kukujibu bila ya kuficha kitu.

Mtetezi ataendelea kusema kwamba mafunjo katika Misri hayakuwa mmea tu, yalikuwa neno pia. Katika maandishi yao ya picha, alama ya shina la mfunjo ilisomwa kwa maana ya kijani, ubichi na ustawi. Yungiyungi la buluu, ambalo huchanua asubuhi na kujifunga baadaye mchana, lilikuwa mfano wa jua lizaliwalo upya kila siku. Basi mchoraji aliyepewa ukuta wa kaburi hakuandika habari za safari ya kuwinda. Alimwombea marehemu uhai usiochakaa. Kwa sababu hiyo hakuweka shina lililokauka, kama vile mtu hachanganyi matanga na salamu za harusi.

Utetezi huo ni wa haki, nami naukubali kwa sehemu yake kubwa. Mtu akilaumu picha ya Nebamun kwa kukosa tope, na asijue kwamba ilikuwa dua, amelaumu kabla ya kuelewa. Hata hivyo utetezi haumalizi shauri lote. Mchoraji mwenyewe anaupinga, maana paka wake si alama tu. Uzito wa mwili wake waonekana, na mashina yaliyo chini yake yanaonekana kumchukua mnyama mwenye damu. Kipepeo wake si alama tu. Palipo na viumbe hao mchoraji alitazama. Palipo na mafunjo alikumbuka desturi. Picha za bwana awindaye ndege kinamasini zilikuwa zimechorwa makaburini karne nyingi kabla yake, na kichaka cha mashina yaliyonyoka kilikuwa kimekuwa kawaida ya mkono. Hukumu yangu basi ni hii: ubora wa picha uko mahali ambapo jicho lilishinda desturi, na udhaifu wake uko mahali ambapo desturi ilishinda jicho. Kipimo hicho hakifai kwa picha hii peke yake. Waweza kukitumia kwa shairi, kwa hadithi, na kwa insha utakayoiandika wewe mwenyewe wiki ijayo.

Twaja sasa katika kazi ya tatu: ni nini kilichoachwa nje? Tulisema kwamba tope halipo. Lakini kuna watu pia ambao hawapo. Nani aliyakata mafunjo ya kile chombo? Nani aliyafunga? Katika kaburi la mtu mwingine mkubwa, jina lake Puyemre, aliyeishi yapata miaka 100 kabla ya Nebamun, wamo watu hao. Wengine wanang'oa mafunjo majini, na mwingine ameketi akiyamenya mashina. Kazi hiyo twaijua maana yake. Moyo mweupe wa shina ulikatwa vipande vyembamba. Vipande vilipangwa sambamba, na juu yake vikapangwa vingine kwa kukingama. Vikagandamizwa, vikakauka, vikawa karatasi. Ikiwa Nebamun alikuwa mwandishi, mkate wake wa kila siku ulitoka katika kazi ya watu hawa. Alihesabu nafaka juu ya mgongo wa mfunjo. Lakini katika picha yake mwenyewe, kinamasi ni mahali pa furaha tu: hapana jasho, hapana ruba, hapana mgongo ulioinama. Picha ya Puyemre haina uzuri wa ile ya Nebamun, wala paka wa jicho la dhahabu hayumo. Lakini yasema jambo ambalo nzuri zaidi imelinyamazia. Kwa hiyo, msomaji, usidhani kwamba kazi iliyo nzuri zaidi ndiyo iliyo kweli zaidi. Pengine hizo mbili huenda pamoja. Pengine huachana njiani.

Huenda ukauliza, ‘Yanihusu nini mimi mafunjo ya ukutani?’ Jambo hili lakuhusu sana, na sababu yake ni hii. Wamisri waliyapenda mafunjo kuliko taifa lolote tunalolijua. Waliyaandika, waliyachora, waliyachonga kwa mawe. Katika ukumbi mkubwa wa hekalu la Karnak, uliojengwa zaidi baada ya siku za Nebamun, zimo nguzo 134 zenye umbo la mafunjo: 12 za katikati, ambazo ni ndefu zaidi, zina vichwa vilivyochanua, na nyingine zina vichwa vilivyofumba. Kinamasi kizima kimesimama pale kwa mawe. Lakini mmea wenyewe, wenye uhai, ulikwisha. Karatasi ya namna nyingine ilipokuja kushika mahali pa ile ya mafunjo, hapakuwa na mtu wa kuyatunza. Na nchi yenye maji ilizidi kugeuzwa mashamba. Ikafika wakati mmea uliokuwa alama ya Misri ya kaskazini ukawa hauonekani Misri, isipokuwa katika bustani za watu. Mwaka 1968 kichaka kidogo cha mwituni kilionekana katika bonde la Natrun, na katika miaka hiyo ya 1960 Mmisri mmoja, Hassan Ragab, alileta mafunjo kutoka Sudan ili ajifunze upya ufundi ambao babu zake waliujua. Fikiri maana yake: nguzo zipo, picha ipo, neno lipo, lakini mbegu yatafutwa nchi ya mbali. Sifa peke yake haikuuokoa mmea.

Maji ya Ziwa Victoria hutoka kwa mto Nile na kuelekea Misri. Sisi tuko upande wa chanzo, na kwetu mafunjo yangali hai. Hutumika kwa mikeka, vikapu na mapaa. Huzuia tope na taka za mashambani zisiingie ziwani, na samaki wachanga hujificha kati ya mashina yake. Katika kinamasi cha Yala limo ziwa dogo liitwalo Kanyaboli, na humo angaliko ngege wa asili ambaye ametoweka katika ziwa kubwa. Nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, hukaa humo pia. Lakini katika miaka ya 1960 sehemu ya Yala ilianza kukaushwa iwe mashamba, na kando ya Naivasha mafunjo yamepungua sana tangu miaka ya 1970. Wakulima wana haja ya ardhi, na haja yao si ya kudharauliwa. Mwenye njaa hashibi kwa kuambiwa habari za ndege. Nalitaja jambo hili ili ujue kwamba kitu tunachokipima hapa, yaani namna watu wanavyokiona kinamasi, si mchezo wa darasani. Nchi ambayo watu wake huona tope na mbu tu itakausha bila ya kuuliza. Nchi ambayo watu wake huona uzuri tu itasifu, na sifa haitoshi. Yatakikana watu waonao vyote viwili pamoja, na watu waishio humo pia.

Tena jihadhari na kosa jingine, ambalo mchoraji wa Nebamun hakuweza kulifanya, lakini wewe waweza. Ukienda ziwani leo utaona maua ya zambarau juu ya maji, mazuri ya kuvuta jicho. Hilo ni gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nalo lilienea katika Ziwa Victoria kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Hufunga njia za mitumbwi, hukata hewa ya samaki, na wavuvi wamelilia. Mwanafunzi akiandika kwamba ziwa limepambwa kwa maua ya zambarau, na asiseme zaidi, sentensi yake yaweza kuwa tamu, lakini amemsifu mvamizi kwa kuwa hakuuliza jina lake. Mafunjo, matete, yungiyungi na gugu maji vyote ni vya kijani kwa mtazamaji wa mbali. Anayekaribia hujua kipi ni mwenyeji, kipi ni mgeni, kipi chafaa na kipi chadhuru. Kujua majina ni nusu ya kuona.

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Chombo cha Nebamun chaelea kwa uzuri sana, nasi tumejaribu kuuliza kimeundwa na nani na kwa nini. Tumemsifu mchoraji kwa kipepeo na paka wake, tumemlaumu kwa mashina yake yaliyonyoka, tumesikiliza utetezi, na tumewatafuta watu aliowaacha nje. Wewe waweza kuikataa hukumu yangu ukiwa na sababu zako, nami nitafurahi, mradi uitazame picha kwanza.

Kabla hujafunga kitabu hiki, litazame na hilo jani ulilolishika mkononi. Twaliita karatasi. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipata kutoka kwa Wagiriki. Na kwa Wagiriki lilikuwa jina la jani la kuandikia lililofanywa kwa mafunjo. Hivyo kila uandikapo insha, waandika juu ya jina la mmea wa kinamasi. Siku utakapopewa kazi ya kueleza ziwa au mto wa kwenu, usianze kwa maneno uliyoyakuta kwa wengine. Nenda ukalikate shina moja, uhesabu pembe zake, umwulize aliyelifunga mkeka, kisha uandike.